Boti ya alumini ya futi 14 inavuja karibu na tezi (sehemu ya nyuma) na ina vitundu kama vya sindano: chanzo ni nini?

#1 Ziwa_Kusini (Uyole, Mbeya)
Habari za wakati huu, wadau. Mwezi uliopita nilinunua boti kuukuu ya uvuvi ya alumini kwa mzee mmoja wa Kyela, ambaye aliitumia miaka mingi Ziwa Rukwa kabla ya kuihamishia Ziwa Nyasa. Sasa imelala juu ya matairi uani kwangu, na nia yangu ni kuirudisha majini Matema ikiwa salama kabisa.

Nilipoijaribu kwa saa moja tu, ilichukua maji kiasi cha ndoo tatu. Niliporudi nyumbani na kuisugua, nilikuta unga mweupe, kama chumvi iliyoganda, umejikusanya kwenye kona ambako ubao wa kufungia injini unakutana na bati la chini. Chini ya unga huo kuna vitundu vidogo sana, kiasi kwamba ukiweka taa ndani ya boti usiku na kuinama nje, unaona nuru inachomoza kama nyota. Nimehesabu 23 upande wa kulia na 9 upande wa kushoto. Ribiti (pini za kuungia mabati) kadhaa za kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa boti, pia zinacheza ukizigusa kwa kidole.

Jambo jingine ni uzito wake. Boti ya ukubwa huu nilitegemea watu wanne waibebe bila shida, lakini ilitulazimu kuwa saba, na tulipumzika mara mbili kabla ya kufika kwenye gari.

Swali langu ni moja: ni nini kimeitoboa? Nikiziba bila kujua chanzo, mwakani nitakuwa naziba tena.

#2 Fundi_Ipogolo (Iringa)
Hongera kwa kupata chombo, mkuu. Mimi nimekarabati boti nne za namna hiyo zilizokuwa zikitumika Bwawa la Mtera, na zote zilianzia kwenye ribiti. Kule Mtera miti iliyofunikwa na maji ya bwawa imebaki visiki ndani ya maji, na kila boti inapogonga kisiki bati hunyumbulika kidogo, ribiti hulegea, na tundu lake lililokuwa duara hugeuka kuwa na umbo la yai. Maji yakishapenya kati ya mabati mawili hayakauki, na hapo ndipo unga mweupe huanza. Kwa hiyo unga ni matokeo, ribiti ndiyo chanzo. Anza na ribiti.

#3 Mwaya_Pwani (Kyela)
Nakubaliana na fundi. Alumini haishiki kutu hata kidogo, ndiyo maana sufuria zetu zinakaa miaka ishirini. Hayo matundu ni ya mawe ya ufukweni, kwa sababu watu huburuta boti badala ya kuibeba.

#4 Mwalimu_wa_Kemia (Mbozi)
Ndugu Mwaya_Pwani, naomba nikusahihishe kwa heshima. Alumini haipati kutu nyekundu kama chuma, lakini huliwa. Kinachoilinda ni utando mwembamba wa oksidi unaojijenga wenyewe mara bati linapokutana na hewa, na utando huo unadumu vizuri katika maji yasiyo na ukali wa asidi wala wa magadi. Ukizidisha upande wowote kati ya hizo mbili, utando unayeyuka na alumini yenyewe inaanza kuliwa.

Mfano upo jikoni kwako. Chukua sufuria ya alumini, chemsha maharage ndani yake ukitia magadi ili yaive haraka, kisha itazame baada ya kuiosha: utaona weusi ndani, na ukifanya hivyo kwa miaka mingi chini kunabaki na vishimo. Sasa mzee aliyekuuzia boti aliifanyia kazi Rukwa, ambalo ni ziwa lisilo na mto wa kutoa maji, hivyo chumvi na magadi yanayoletwa na mito hubaki humo maji yanapopaa. Ziwa Nyasa lina mlango wa kutokea, Mto Shire, na linapokea mito kama Kiwira, Mbaka na Songwe, ndiyo maana maji yake ni matamu. Kwa maoni yangu boti hiyo ilianza kuugua ikiwa Rukwa, na Nyasa imeonyesha tu ugonjwa uliokuwapo.

#5 Binti_Rukwa (Mkwajuni)
Mwalimu, shikamoo. Nakuomba uongeze jambo moja ili wasomaji wasichanganyikiwe: iko mito miwili inayoitwa Songwe. Mmoja ndio mpaka wetu na Malawi na unaingia Nyasa, mwingine unakuja huku kwetu na kuingia Rukwa. Kwa sababu hiyo maji ya Rukwa hayafanani kila mahali, na karibu na midomo ya mito watu huteka ya kunywa bila kusikia ladha ya magadi. Baba yangu mdogo alikuwa na boti ya alumini hapa miaka mingi, akaiuza ikiwa haina hata tundu moja. Kama magadi yangekuwa ndiyo sababu, bati lote lingeliwa, si kona mbili za nyuma peke yake.

#6 Ziwa_Kusini
Asanteni. Hoja ya Binti_Rukwa imenifanya nichukue spana leo jioni na kufungua ubao wa injini. Ulikuwa umefunikwa kwa kipande cha bati, kwa hiyo sikuwahi kuuona. Ndani ni mbao mbili za paini zilizounganishwa, laini kiasi kwamba bisibisi inazama hadi kwenye mpini, na rangi yake ni ya kijani, kama nguzo mpya ya umeme. Bati lililokuwa limegusana na mbao hizo lina mabaka meupe eneo lote.

#7 Seremala_Njombe
Umejijibu mwenyewe, kaka. Hizo ni mbao zilizotiwa dawa, na dawa hiyo ina shaba, kromiamu na aseniki. Shaba na alumini hazikai nyumba moja. Zikigusana penye unyevu zinakuwa kama betri, na katika betri hiyo anayeliwa siku zote ni alumini. Aliyeweka ubao huo alitaka usioze, akasahau kwamba kuna bati jirani.

Tafadhali mbao hizo usizichome wala usizipeleke jikoni kuwa kuni, kwa sababu moshi na majivu yake yana sumu.

#8 Mbao_Mafinga
Mimi nafanya kazi ya mbao Mufindi na ninaziheshimu hoja za seremala, ila amekwenda haraka. Mbao ikitiwa dawa ipasavyo na kuachwa ikauke kwa wiki kadhaa, sehemu kubwa ya shaba hujishikiza ndani ya mti na haitoki kirahisi. Tatizo kubwa hutokea kwa mbao mbichi inayochuruzika dawa, iliyotolewa kwenye mtungi jana na kufungwa kwenye bati leo. Mbao ya ndugu yetu ina umri gani? Kama iliwekwa ikiwa kavu, shaba inaweza kuwa imechangia lakini haiwezi kubeba kesi yote. Pia tusisahau kwamba hata mbao isiyo na dawa yoyote, ikilowa na kubana bati mwaka mzima bila hewa, huliacha na mabaka hayo hayo.

#9 Seremala_Njombe
Hiyo ndiyo hoja yangu pia, mkuu: nani Tanzania hii anasubiri wiki kadhaa? Mteja anakuja asubuhi na pikipiki, anataka ubao saa hiyo hiyo.

#10 Mama_Mbasa (Matema)
Wadogo zangu, naona mnatazama mbao tu na mnamsahau mbebaji wa saba. Boti nyepesi haigeuki kuwa nzito kwa sababu ya ubao mmoja. Chini ya viti na chini ya sakafu ya boti hizi kuna sponji la kuifanya ielee ikijaa maji, na sponji kuukuu hunywa maji na halitemi tena. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo sponji likishika lita 60 mnakuwa mnabeba mtu mzima asiyeonekana. Na hilo sponji lililolowa limelalia bati usiku na mchana. Fungua sakafu, mwanangu, utakuta matundu mengine.

La pili, chunguza kwenye ngama, pale chini maji yanapojikusanya, kama kuna chubwi, vile vizito vya kuzamishia ndoano au nyavu. Marehemu mume wangu alikuwa na kiboti cha bati aina hiyo, na siku alipong'oa sakafu alikuta chubwi tatu za risasi na kipande cha waya wa shaba kimejikunja kwenye tope, na chini ya kile kipande cha waya kulikuwa na tundu lenye umbo lile lile la waya, utadhani limechorwa. Nililiona kwa macho yangu.

#11 Umeme_Tukuyu
Mama Mbasa, shikamoo, ushuhuda huo ni wa thamani sana. Nami naongeza kingine ambacho hakijatajwa: betri. Ziwa_Kusini, je, mzee alikuwa na taa za kuvulia usipa, yaani dagaa wa Nyasa? Watu wengi hufunga betri ya gari nyuma karibu na injini, kisha huunganisha waya wa hasi kwenye bodi ya boti kama wanavyofanya kwenye gari. Insuleshini ya waya wa chanya ikichubuka na waya ukagusa maji ya ngama, umeme unapita kwenye bati na kwenda majini, na alumini hutobolewa kwa muda mfupi kuliko njia nyingine zote zilizotajwa hapa. Upande wa kulia una matundu 23 na wa kushoto 9, na mbao, sponji na magadi haviwezi kueleza tofauti hiyo, kwa sababu vilikuwa pande zote. Betri ilikaa upande gani?

#12 Ziwa_Kusini
Nimempigia mzee simu. Taa alikuwa nazo, na betri ilikaa kulia. Ubao wa injini aliubadilisha mwenyewe, lakini hakumbuki kama ulikuwa mkavu.

Nimefungua na sakafu pia. Mama yangu wa Matema, sponji ulilolisema nimelitoa kwa koleo, na kipande cha ukubwa wa tofali kimemwaga maji kama kitambaa cha kudekia. Chini yake nimekuta matundu manne ambayo hayakuwa karibu na ubao wa kijani hata kidogo. Chubwi sikuikuta, ila nimekuta mchanga mwingi na misumari miwili.

Sasa naomba tuingie kwenye matengenezo huku mjadala wa chanzo ukiendelea. Niende kwa wachomeleaji, au kuna njia nyingine?

#13 Kijana_Mwanjelwa
Kaka, leta huku. Mafundi wa gesi wanachomelea radieta za alumini kila siku, boti haiwezi kuwashinda.

#14 Fundi_Ipogolo
Mdogo wangu, radieta na boti ni vitu viwili tofauti. Chuma kikipata moto hubadilika rangi na kumwonya fundi, lakini alumini haionyeshi chochote. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi ikiwa bado na rangi yake ya fedha, na bati la milimita mbili linadondoka mbele yako kama mlenda. Utando wa oksidi aliousema Mwalimu nao unahitaji zaidi ya nyuzi 2,000 kuyeyuka, kwa hiyo fundi asiyeusugua kwanza anachomelea juu ya ngozi, si juu ya alumini yenyewe. Wazee wetu wa sufuria hupaka sabuni ya mche kwenye bati, na sabuni ikigeuka nyeusi wanajua moto umetosha kulainisha bati na wanauondoa. Ni ujanja mzuri kwa kunyoosha mbonyeo, ila hautoshi kwa kuunga bati la chombo cha majini. Kuunga kwa uhakika kunataka mashine ya gesi ya agoni na mtu aliyezoea alumini.

Kwa vitundu vya sindano mimi sichomelei kabisa. Nakwangua hadi bati safi, kwa brashi ya waya wa chuma cha pua ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, kisha naweka kiraka cha alumini kwa ndani, kilichokatwa pembe za mviringo, nakipaka gundi chini yake na kukipiga ribiti pembeni. Ribiti ziwe za alumini na ziwe nzima, za kugonga. Zile za kuvuta kwa bastola zina tundu katikati na hubakiza kichwa cha msumari wa chuma ndani, kwa hiyo chini ya mstari wa maji nazikataa. Zinazocheza kwenye mkuku, mtu mmoja abane kichwa kwa nje kwa nyundo nzito ya mawe, mwingine agonge mkia kwa ndani kwa nyundo ndogo, mapigo mafupi matatu au manne. Ikiwa tundu limeshakuwa kama yai, toboa na uweke ribiti ya saizi inayofuata.

#15 Mpwani_Makambako
Nimezaliwa Pangani na nimefurahi kuona watu wa nyanda za juu mnaandika tezi, mkuku na ngama bila kukosea, mmejifunza vizuri. Kwetu chombo cha mbao kikivuja tunakikalafati, yaani tunaziba nyufa zake kwa pamba, na kukipaka sifa (mafuta ya samaki). Je, haiwezekani hapa?

#16 Fundi_Ipogolo
Haiwezekani, mzee wangu. Kalafati hufanya kazi kwa sababu mbao huvimba ikinywa maji na kuibana pamba, lakini bati halivimbi. Pamba itashika maji tu na kuanza ugonjwa ule ule wa sponji. Gundi ninayotumia ni ile nyeusi ya kubandikia vioo vya mbele vya magari, ambayo hubaki kama mpira na kunyumbulika pamoja na bati. Silikoni inayonuka siki usiiguse, kwa sababu harufu ile ni ya asidi inayotoka ikikauka.

#17 Seremala_Njombe
Kwa ubao mpya wa injini, nashauri mninga mkavu. Wengi watakwambia uchukue marini bodi kwa sababu jina lake linataja bahari, lakini zinazouzwa madukani kwetu ni za kumwagia zege, na pembe zake zikikatwa zinanyonya maji. Toboa matundu ya bolti kwanza, kisha paka epoksi mara tatu pande zote pamoja na ndani ya matundu hayo, maana ndimo maji yanamoanzia. Kati ya ubao na bati weka gundi hiyo ya vioo, bolti ziwe za chuma cha pua zenye washa za plastiki, na kofia ya bati uliyoikuta juu ya ubao usiirudishe bila kuiachia njia ya maji kutoka chini.

#18 Mama_Mbasa
Na sponji usilitupe ukaondoka hivi hivi. Miezi ya katikati ya mwaka upepo wa kusini tunaouita mwera unainua mawimbi, na chini ya milima ya Livingstone kina cha maji kinaanza hatua chache tu kutoka ufukweni. Boti ya alumini iliyojaa maji bila kitu cha kuielesha inazama moja kwa moja, haifanyi kama mtumbwi. Mimi ningefunga madumu matupu ya lita 20 chini ya viti kwa kamba imara, mawili kila kiti.

#19 Mbao_Mafinga
Madumu yanafaa kwa kuwa unaweza kuyatoa na kukausha chini yake, ila yakipigwa jua hupasuka shingoni. Mimi ningetumia vipande vya sponji gumu jeupe la kufungashia friji na televisheni, vilivyoinuliwa juu ya bati kwa vidole viwili ili hewa ipite.

#20 Mama_Mbasa
Sponji hilo jeupe petroli ikilimwagikia linayeyuka, baba. Injini iko hapo hapo nyuma.

#21 Mwalimu_wa_Kemia
Neno moja kuhusu rangi. Chini ya boti usipake rangi ya kuzuia ukoga yenye shaba, wala rangi nyekundu yenye risasi, kwa sababu utakuwa umerudisha betri ya seremala kwa brashi. Tafuta praima ya alumini, na uipake siku ile ile uliyopiga msasa, kabla utando haujanenepa. Ukitaka kuweka kipande cha madini cha kujitoa kafara, yaani kinacholiwa badala ya bati, kwa maji matamu chagua cha magnesiamu, kwa kuwa zinki ni ya bahari.

Kuhusu chanzo bado nasimama na magadi. Matundu manne ya chini ya sponji yametokea mahali ambapo maji ya Rukwa yalinyonywa na kukaa miaka, hata baada ya boti kuhamia Nyasa.

#22 Umeme_Tukuyu
Mwalimu, matundu hayo manne yako upande gani?

#23 Ziwa_Kusini
Matatu kulia, moja kushoto.

Leo nimefanya jaribio la maji kama lilivyoelezwa na fundi kwenye simu. Niliiegemeza boti kwenye magunia ya mchanga urefu wote wa mkuku, kwa kuwa maji ya ndani yanalisukuma bati upande ambao halikuumbwa kusukumwa, nikapaka chaki ya ubaoni kwa nje kwenye mistari yote ya ribiti, kisha nikamimina lita 150, nusu ya zile nilizopanga. Baada ya dakika kumi chaki ilianza kugeuka kijivu penye kila ribiti inayovuja, na nikazungushia alama kwa kalamu ya wino mzito. Zinazovuja ni 17, na kati ya hizo 11 ziko mbele kwenye omo, ambako hakukuwa na ubao wa kijani, betri wala sponji.

#24 Fundi_Ipogolo
Za omo ni mawimbi na visiki, nilisema tangu mwanzo.

#25 Mwaya_Pwani
Au mawe ya kuburuta, fundi, kwa sababu omo ndiyo hutangulia kupanda ufukweni. Mkuu, geuza boti utazame kama vichwa vya ribiti hizo 11 vimelika kwa nje.

#26 Ziwa_Kusini
Nimegeuza. Vitano vimelika kabisa, ni bapa kama sarafu. Sita ni vizima lakini vinacheza. Mninga umeshakatwa na unasubiri epoksi, na mtoto wa dada yangu atashika nyundo ya mawe Jumamosi. Fundi, kwa hivyo vitano vilivyolika nitoboe moja kwa moja, au nijaribu kwanza kuvigonga?

#27 Fundi_Ipogolo
Toboa. Kichwa kilicholika hakina kitu cha kubana. Tumia kekee ya saizi ya ribiti yenyewe, iongoze katikati ya kichwa, na usimamishe mashine mara kichwa kinapozunguka, kabla hujalipanua tundu la bati.

#28 Binti_Rukwa
Tupigie picha ya zile alama za wino kabla hujazifuta, tafadhali. Baba mdogo anataka kuziona.